Kisu cha kukunja kimenikata mara 3, wachongaji wa Kusini njooni mnipe somo

#1 Mtunza Ghala (Mtwara)

Wakuu, habari za jioni.

Nipo Mtwara mjini, Chikongola. Kazi yangu ya msimu, ghala la korosho. Kuanzia Oktoba hata nafasi ya kukohoa sina, lakini magunia yakishaondoka tunabaki mimi, paka wa ghala na feni inayopiga kelele. Mwaka huu nikasema sitaki tena kushinda kwenye simu. Marehemu mjomba wangu, baharia wa jahazi, aliacha kisu cha kukunja: mpini wa mti, bapa limeshakuwa jeusi jeusi, na karibu na mpini pamegongwa alama ya kiganja chenye taji. Nikakichukua nikaanza kuchonga vijiti.

Mara ya kwanza nilijikata kwa uzembe wangu, nilikuwa naangalia mpira. Mara ya pili natoboa tundu kwa ncha, kisu kikajikunja chenyewe kikaniuma kidole cha shahada. Mara ya tatu ndiyo imenileta hapa. Seremala mmoja alinipa kipande cha mpingo, urefu wa kiganja, nikataka kuchonga samaki. Saa mbili nzima nimepata unga wa kujaa kizibo cha soda. Makali yakamenyeka, kisu kikateleza, gumba likafunguka.

Naomba kujua: kibovu ni kisu au ni mimi? Naanza na mti gani? Na kwa nini masika ikifika kisu hiki kinagoma kufunguka mpaka nikivute kwa koleo?

Nawasilisha, kwa kidole kimoja.

#2 Pweza Mkavu

Mtu mzima unachonga vijiti? Kwetu hiyo kazi ya watoto wa manati. Pole na kidole lakini.

#3 Bi Kifuu (Lindi)

Wewe Pweza Mkavu, hiyo manati ulinunuliwa dukani? Mtoto anayejua kuchagua panda ya mpera iliyolingana pande zote mbili, akaimenya ganda asiipasue, huyo ni fundi tayari, hajaambiwa tu.

Mtunza Ghala pole kaka. Mimi nachonga miiko na mipini ya pawa. Nimekaa siti ya mbele, nitarudi nikishaanua dagaa.

#4 Chuma cha Pua

Mkuu, kiganja chenye taji ni Opinel, kisu cha Kifaransa. Joseph Opinel alianza kuvitengeneza 1890 huko Savoie, milimani. Angalia namba kwenye mpini. Kama ni 8, bapa lina sentimita 8.5. Kwa kuchonga ni refu kidogo ila linatosha.

Sasa tazama pale bapa linapoingia kwenye mpini. Kuna pete ya chuma yenye mwanya. Ukifungua kisu, izungushe hiyo pete mpaka mwanya ukae pembeni. Hapo kisu kimefungwa, hakikunjiki hata ukisukume. Pete hiyo iliongezwa 1955 kwa ajili ya watu kama wewe. Kwa hiyo ile mara ya pili kisu hakina kesi.

Kugoma masika: mpini ni mti, unakunywa unyevu, unavimba, unabana bapa. Na hewa ya Mtwara mnaijua, hata chumvi kwenye kopo inageuka tope. Tupa koleo. Shika kisu kikiwa kimekunjwa, gonga kitako cha mpini kwenye ukingo wa meza, ncha itachomoza kidogo uishike kwa kucha. Kikishakauka vizuri paka nta ya mshumaa kwenye kiungio.

Ule weusi usikutishe. Kama pameandikwa "Carbone" basi ni chuma cha kaboni, kinanoleka upesi na kushika kutu upesi. Ukimaliza kuchonga kifute, kipake mafuta ya cherehani au ya nazi. Ukikata limao ukakiacha mezani, asubuhi utakuta ramani ya Afrika.

#5 Mtunza Ghala

Mkuu nimekwenda kuangalia sasa hivi. Namba 8. Na pete ipo!! Miaka minne nimekaa na hiki kisu najua ile pete ni pambo.

#6 Pweza Mkavu

😂😂😂 Pambo.

#7 Muuguzi wa Usiku

Natoka zamu, naandika haraka haraka kabla sijalala.

Kidole kikikatika: osha kwa maji safi na sabuni, funika kwa kitambaa safi, kandamiza dakika 10 bila kuchungulia chungulia, mkono uwe juu kuliko moyo. Msiweke ugoro, majani ya chai, majivu wala mafuta ya taa. Kila wiki naosha vidole vilivyopakwa kahawa, na kahawa hiyo ndiyo inanipa kazi mara mbili. Kama kidole hakikunjiki au kimekufa ganzi mbele ya jeraha, usikae nyumbani, huenda mshipa umekatika. Na chanjo ya pepopunda, ulichoma lini mara ya mwisho? Usinijibu mimi, jijibu mwenyewe.

Jambo jingine ambalo watu hawaliwazi: usichonge huku umeweka mti juu ya paja. Ndani ya paja kuna mshipa mkubwa wa damu na hapo dakika 10 huna. Weka viwiko juu ya magoti, mikono itokeze mbele, kisu kikiteleza kikate hewa. Na vumbi la mpingo likikuwasha macho na ngozi si uchawi, kuna watu linawadhuru. Vaa barakoa ukipiga msasa.

Usiku mwema, ingawa ni asubuhi.

#8 Mzee Tezo (Newala)

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mjukuu, akaunti ni ya Babu lakini simu naishika mimi. Nimemsomea uzi wote, amecheka mpaka akakohoa. Anachosema naandika kama kilivyo:

"Mwanangu wa ghala, umeanza na mpingo. Hiyo ni kujifunzia baiskeli kwenye mteremko wa Newala, tena mzigo uko nyuma.

Mimi nimezaliwa huku juu. Maji yalikuwa ya shida, muhogo haukosi. Nilipomwambia baba nataka kuchonga hakunipa mti, alinipa muhogo, umeng'olewa siku ile ile. Akasema chonga panya. Nikachonga, nikampelekea. Akamgeuza, akamtazama mkia, akamkata kichwa kwa meno akatafuna. Akasema, lete mwingine. Nadhani nilimlisha panya arobaini kabla hajasema kitu kingine. Alichosema ni: huyu masikio yake yamelingana.

Mti ukikosea unakuadhibu, muhogo unakuonyesha tu ulipokosea. Ni laini, lakini ukiusukuma kisu kwa hasira unavunjika papo hapo, kwa hiyo mkono wenyewe unajifunza adabu. Katikati una ule uzi mgumu, kisu kikiufikia kinashtuka, ndipo unajua kumbe kitu kina moyo wake na huwezi kuupitia unavyotaka. Ukimwacha panya wako usiku mmoja, asubuhi amenywea, pua imepinda. Basi ukija kwenye mti mbichi huna haja ya kuambiwa kwamba utakauka na kujikunja.

Baada ya muhogo nikapewa mti mwepesi, mweupe, wa aina ile ya kuchongea mapiko. Kinyago cha kuvaliwa kichwani kikiwa kizito, mchezaji atakufa na shingo. Mpingo nimeushika nina ndevu. Na mpingo hauanzwi na kisu. Unaanzwa na shoka, linafuata tezo, kisha patasi na nyundo, kisha tupa. Kisu kinaitwa mwisho kabisa, kwenye jicho, kwenye mdomo, kwenye kucha. Wewe umemwita mwali kabla ngoma haijapigwa."

Babu amenituma ugoro, nikirudi nitaandika mengine. (Muuguzi, si wa kuweka kwenye kidonda.)

#9 Mtunza Ghala

Shikamoo mzee wangu. Kesho naamkia sokoni, muhogo.

#10 Msafiri wa Mwenge

Hilo la muhogo Babu hatanii. George Lilanga, mtu wa Kusini huku huku, mzaliwa wa 1934, alianza kuchonga kwenye mizizi ya muhogo, akaja miti laini, mpingo ukafuata. Baadaye akahamia kwenye kupaka rangi na dunia ikamjua. Alifariki Dar 2005. Mimi niliuza vinyago kwenye soko la Mwenge, Dar, miaka kadhaa, na wachongaji wengi wa Kimakonde niliowakuta pale ukiwauliza utotoni walichonga nini, muhogo haukosekani kwenye hadithi.

#11 Pweza Mkavu

Sawa, tumesikia historia. Hela iko wapi? Siku nzima samaki mmoja wa muhogo. Si bora akaendeshe bodaboda?

#12 Msafiri wa Mwenge

Pweza, kwenye vitu vidogo vya kisu hela ni ndogo, nisikudanganye. Mtalii anataka twiga, na twiga anachongwa na watu wanaomaliza kumi kwa siku. Ndiyo maana utakuta mti mweupe umepakwa dawa ya viatu nyeusi ukaitwa mpingo. Ukitaka kujua, geuza kinyago uangalie kitako, kwaruza kidogo kwa ncha. Weupe ukitokea, umeshauziwa Kiwi. Ingawa nao mpingo wenyewe una ganda lake la ndani lenye rangi ya maziwa, kwa hiyo angalia vizuri usije ukagombana na mtu bure. Njia nyingine ni kukitia kwenye ndoo ya maji. Mpingo mkavu unazama kama jiwe.

Lakini mleta uzi hajauliza hela. Ameuliza namna ya kutojikata.

#13 Mwana Kilwa

Nami niseme la mpingo. Mti huo mpaka ufae kukatwa inatajwa miaka 70 hadi 100, hukuti watu wamepanda mashamba yake kama mitiki. Huku Kilwa vijiji vina misitu yao ya hifadhi, na 2009 ilipata cheti cha FSC, yaani mpingo wake unauzwa nje ukijulikana umetoka wapi. Wazungu wanatengenezea ala za kupuliza, klarineti na obo. Kipande cha kiganja ulichopewa na seremala kichonge kwa heshima, mkuu. Siku ukitamani gogo, kuna kibali cha TFS, wale wakala wa misitu wa serikali, kwanza, usije ukalipakia kwenye basi ukasema ni kuni.

#14 Mtunza Ghala

MREJESHO.

Nimenunua muhogo mitatu sokoni, minene. Nikasema sitachonga panya, nitachonga samaki, changu, kwa sababu nilishamshindwa kwenye mpingo. Nikakaa kwenye kizingiti cha ghala, viwiko juu ya magoti kama Muuguzi alivyosema.

Kwanza nilimenya lile ganda la nje na lile la ndani la rangi ya waridi. Hapo hapo nikagundua kitu. Kumenya muhogo najua tangu utoto! Kisu kinakuja kuelekea gumba, gumba linarudi nyuma, hakuna anayejikata. Sasa kwa nini nikishika mti nilikuwa nasukuma kisu kwenda mbele kwa bega zima kama nakata kuni? Nikaanza kuchonga kama ninavyomenya. Kisu kikatulia.

Samaki wa kwanza alivunjika mkia. Wa pili nikafika kwenye uzi wa katikati, ukamtokea tumboni kama utumbo. Wa tatu ana jicho, ana mapezi, magamba nimeyakwaruza kwa ncha. Nikamweka dirishani. Leo asubuhi amejikunja kama anayeumwa tumbo, sawasawa na alivyosema Babu.

Mke wangu amechukua vipande vyote akavipika na nazi. Ameuliza kesho nachonga nini, ili ajue kama anunue samaki.

#15 Bi Kifuu

Mke wako nimempenda bure.

Angalizo dogo kwa wenye watoto: hakikisheni ni muhogo mtamu. Vipande vya muhogo mchungu mtoto asitafune vibichi.

#16 Mzee Tezo

Nimerudi. Babu anasema marahaba. Anasema changu wako hajajikunja, anaogelea. Na hiyo ya gumba umeijua mwenyewe, kwa hiyo hutaisahau.

Ameongeza hivi: "Mkato wa pili uujue. Mkono unaoshika mti, gumba lake liweke juu ya mgongo wa kisu, liwe ndilo linalosukuma. Mkono wenye kisu kazi yake ni kuelekeza tu. Kisu kinakwenda urefu wa punje ya mahindi, kinasimama. Tena. Tena. Mtu anayechonga vizuri ukimsikiliza bila kumtazama utadhani panya anatafuna. Ukisikia mti unalia *kraa*, umekwenda kinyume cha nyuzi, geuza mti, usibishane nao.

Na pale unapotaka kisu kisimame, mfano shingo ya ndege, kata mstari kwanza wa kwenda chini, kisha ndiyo uje na kisu kuelekea kwenye huo mstari. Kipande kitadondoka chenyewe. Ukianza bila mstari utamkata ndege kichwa."

#17 Chuma cha Pua

Sasa tunoe. Makali yaliyomenyeka kwenye mpingo hayachongi hata sabuni, na kisu butu ndicho kinachokata watu kwa sababu unakisukuma kwa nguvu.

Kama huna kinoo, chukua kikombe au bakuli la udongo wa kauri, ligeuze. Pale kitakoni kuna duara lisilo na mng'ao, linakwaruza. Hilo ni jiwe la kunolea, umekuwa nalo jikoni siku zote. Lakini kwa kuwa chako kimemenyeka, anza na msasa wa maji namba 400 uliobandikwa kwenye kipande cha kioo, uje 1000. Weka bapa, nyanyua mgongo wake kama unene wa sarafu mbili tatu, sukuma kama unayetaka kuchana utando wa juu wa karatasi ya msasa. Usibadilishe mwinuko. Noa upande mmoja mpaka ukipitisha kucha upande wa pili uhisi chuma kimejikunja kidogo. Geuza, fanya hivyo hivyo.

Mwisho chukua mkanda wa ngozi wa zamani, paka dawa ya meno kidogo, vuta kisu kinyumenyume, mgongo ukitangulia, mara ishirini kila upande. Jaribu kwenye gazeti. Kikate bila kurarua. Ukiona kinararua, rudi kwenye msasa wala usijidanganye.

#18 Pweza Mkavu

Hii ya kitako cha kikombe nimejaribu kwa kisu cha jikoni. Imekubali. Sisemi kitu kingine.

#19 Bi Kifuu

Haya kaka, sasa njoo kwenye mti, na usije na kinyago, njoo na mwiko. Mwiko wa ugali ni bapa, hauna shimo, kwa hiyo kisu chako kilichonyooka kinatosha. Anayetaka kijiko lazima awe na kisu kilichopinda, tumwache.

Sasa hivi watu wanapogolea mikorosho, matawi yamejaa chini. Omba moja nene kama kifundo cha mkono, lisilo na vifundo, urefu wa kutoka kiwiko hadi vidoleni. Liwe bichi. Mwembe pia unafaa, na mimi naupenda zaidi, maana utomvu wa ganda la mkorosho ukiingia kwenye kanga ndiyo basi tena. Lipasue katikati kwa panga na ule moyo wa katikati uutoe wote, usiuache hata kidogo kwenye mwiko wako, hapo ndipo ufa unapoanzia. Chora umbo kwa mkaa. Punguza kwa panga mpaka karibu na mstari, halafu ingia na kisu.

Watu wanaharibikiwa shingoni, pale mwiko unapokutana na mpini. Teremka kutoka kwenye bega la mwiko kuja kwenye mpini, upande huu na upande ule. Ukipanda kutoka kwenye mpini kwenda begani, kisu kitaingia kwenye nyuzi na mwiko utapasuka mpaka mwisho. Nilipasua mitano mwaka niliojifunza, yote pale pale, na sikuwa na wa kuniambia. Babu yangu mzaa mama alikuwa mchongaji lakini mapiko yalichongwa porini, mwanamke hata kusogea haruhusiwi. Nilijifunza kwa kuokota vipande vyake alivyotupa na kuviangalia kisu kilipitia wapi.

Ukimaliza usiuanike juani! Uweke kwenye mfuko pamoja na maranda yake, kivulini, wiki mbili. Kisha msasa, kisha mafuta ya nazi ya moto.

#20 Mzee Tezo

Babu amenyamaza kidogo niliposoma hii ya Bi Kifuu. Kisha akasema: "Mwambie kusoma vipande ni kusoma. Mimi nilifundishwa, na vipande sikuvitazama hata siku moja."

#21 Ligula Kwetu

Kwani mwarobaini haufai? Umejaa kila kona hapa mjini, tena mgumu, wadudu hawali.

#22 Bi Kifuu

Jaribu, halafu uje utuambie ugali ulikuwaje.

#23 Ligula Kwetu

Nilishajaribu ndiyo maana nauliza 😅 Shemeji alidhani nimeweka dawa ya malaria.

#24 Chuma cha Pua

Ulichonga ukiwa mbichi ukapikia hapo hapo. Wahindi wanatengeneza vijiko vya mwarobaini na kuviuza, ukikauka vizuri uchungu unapungua sana. Bichi hapana.

#25 Bi Kifuu

Wahindi wale, sisi tuna mwembe.

#26 Mwana Ukambani

Hodi wandugu, nawasoma kutoka Machakos. Huu uzi umenigusa kwa sababu uchongaji wetu wa Ukambani tunauhesabu kuanzia kwa Mutisya Munge wa Wamunyu, ambaye aliujua ufundi huu huko kwenu Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akarudi nao nyumbani. Siku hizi sisi tunatumia sana mjakaranda, ni laini na unapatikana. Kwa anayeanza na kisu, kama kwenu upo, ni mti mzuri kabisa. Asanteni kwa mkopo, hatujarudisha bado.

#27 Mzee Tezo

Babu anasema riba imeshakuwa kubwa, leteni twiga.

#28 Mtunza Ghala

Wakuu, wiki tatu kimya, nilikuwa nachonga.

Mwiko wa kwanza, mkorosho. Nilipata tawi kwa jirani anayepogolea shamba lake njia ya Naliendele. Shingo nimeteremka kama nilivyoelekezwa, haikupasuka. Nikajisifu. Nikasahau neno moja tu la Bi Kifuu. Nikauanika juu ya bati la ghala ili ukauke haraka mke wangu auone. Jioni nilipopanda kuuchukua, umepasuka katikati, ufa unaingiza kucha. Sasa unatumika kufukuzia paka.

Kati hapo nikachonga kinyago kidogo cha mti wa mwembe, uso tu, kwa ncha ya kisu. Mnajua wanasema kinyago cha kujichongea hakikutishi. Mimi hakijanitisha. Mwanangu wa miaka mitatu amekiona akalia, akakimbilia kwa mama yake, na mama yake naye alipokiona akasema kitoke ndani. Kiko ghalani, nadhani panya wamepungua.

Mwiko wa pili, mwembe. Huu nimeuweka kwenye mfuko wa salfeti na maranda yake, nikaufunga, nikaujaza kona ya ghala nikajizuia kuutazama. Siku ya nane nilichungulia, samahani Bi Kifuu. Siku ya kumi na nne nimeutoa, mzima, hauna hata ufa wa unywele. Msasa, mafuta ya nazi. Nyuzi za mwembe zikatokea, rangi ya asali na mistari ya kijivu, mpaka nikauzungusha zungusha mkononi kama mtu aliyeokota pete. Na kidole, wakuu, hakuna hata kimoja kilichokatika wiki zote tatu.

#29 Muuguzi wa Usiku

Hiyo ya mwisho ndiyo nilikuwa naisubiri.

#30 Bi Kifuu

Kuchungulia nimekusamehe. Picha iko wapi?

#31 Pweza Mkavu

Mkuu samahani, hivi ukiona kile kisu cha mjomba dukani kinauzwaje? Nauliza tu.

#32 Chuma cha Pua

Pweza, usianze na kisu cha bei. Chukua chochote cha chuma kizuri, bapa fupi la sentimita 5 au 6, chenye kufuli. Vile vinavyotembezwa mtaani vyenye taa, kifungulio na dira havishiki makali. Dira yenyewe inaonyesha kaskazini popote unapoitazama.

#33 Mzee Tezo

Babu anauliza kile kipande cha mpingo umekitupa?

#34 Mtunza Ghala

Sijakitupa mzee. Kiko chini ya kitanda, nimekizungushia gunia, na alama ya kisu changu cha siku ile bado ipo.

#35 Mzee Tezo

"Kiache hapo hapo. Ukija Newala uje nacho, tezo ninayo."

#36 Mtunza Ghala

Nitakuja mzee, korosho hazijaanza.

Mwiko umesonga ugali wa kwanza jana usiku. Ugali umeiva, mwiko haujavunjika, mke wangu ameuosha akautundika. Kisha akaniambia mpini ni mfupi, mvuke unamuunguza vidole, na nikichonga mwingine nipime kwa mkono wake na si kwa mkono wangu. Nimeshampima. Sentimita 6 zaidi. Kesho natafuta tawi.